Mto Uliokuja Bila Mvua

Baba yangu mpendwa,

Amahoro. Kabla ya yote niambie mgongo wako unaendeleaje, maana Mama aliniambia bado unang'ang'ania jembe kama kijana. Bibi yetu Nyogokuru naye, macho yanamsumbua bado? Na mahindi ya shamba la Misunkumilo yamefikia wapi, yameshaanza kutoa mbelewele? Mimi huku Msumbiji ni mzima. Nakula, nalala, na Jumapili nasali, ingawa misa yao ni ya Kireno na nyimbo ndefu kuliko za kwetu.

Najua umezoea simu. Lakini simu ya huku hukatika pale pale maneno yanapoanza kunoga, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji mtu akae chini. Nimempata sista mmoja Mtanzania anayerudi kwenye nyumba yao ya Karema, na ameniahidi atapitia Mpanda. Mdogo wangu Yusto akusomee taratibu, na Nyogokuru awepo.

Kuna jambo, Baba, ambalo hukuwahi kuniuliza waziwazi, ila nimekuwa nikilisikia kwenye sauti yako miaka yote hii. Nilipochaguliwa chuo kikuu kusomea jiolojia, ulisimama kanisani ukawaambia watu binti yako anakwenda kusoma mawe. Kwa watu wa Mpanda, mawe maana yake dhahabu. Majirani wakaanza kukuita Baba Dhahabu, na wewe hukuwakatalia. Halafu nikakupigia kusema nahamia kwenye elimu ya mito na mafuriko. Kisha ukaniuliza, "Huo mto unamlipa nani mshahara?" Nilicheka tu. Sikukujibu kama ulivyostahili kujibiwa.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa tatu tulipelekwa porini kuchora ramani ya miamba. Tulipiga mahema kwenye kingo za mto uliobaki mchanga mtupu. Mchana mmoja, jua linawaka na mbingu nyeupe, tukiwa kilimani na nyundo zetu, tulisikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima na mzigo. Maji yakashuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo mazima. Yalichukua mahema, yakachukua magunia yetu ya sampuli, yakachukua hata sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni. Wenzangu walisikitikia mawe yao. Mimi nilibaki nimeduwaa kwa swali moja tu: mvua hii imenyesha wapi? Nikamuuliza mwalimu wetu. Akaniambia, "Speransia, hilo siyo swali la watu wa mawe. Kawaulize watu wa maji." Basi nikaenda kuwatafuta watu wa maji, na sijawaacha mpaka leo.

Ila mawe nayo sikuyatupa, na hapa ndipo nataka unisikie vizuri. Maji ya mvua hufanya kile ambacho ardhi inayaruhusu. Yakiangukia kwenye udongo mwepesi, yanazama. Yakiangukia kwenye mwamba mgumu, hayana pa kuingia, yanakimbia yote. Mtu asiyejua mawe anaweza kuutazama mto maisha yake yote asijue kwa nini una hasira. Kwa hiyo nilipoajiriwa huku, kwenye ofisi inayofuatilia mto mmoja unaoshuka milimani kwenda kuungana na Zambezi, jambo la kwanza niliomba nipelekwe juu kabisa unakoanzia. Nilitembea mpaka viatu vikafunguka mdomo. Kote huko ni mwamba mtupu, umepauka kama upara wa mzee. Nikajisemea, siku mvua kubwa ikipiga hapa, watu wa bondeni hawatapewa muda wa kufikiri.

Siku hiyo ilifika mwezi uliopita. Bondeni kulikuwa kukavu, wanawake wameanika samaki. Lakini vipimo vyetu vya juu, vile vinavyotutumia kimo cha maji kwa mtandao, vilianza kuonyesha yanapanda. Kisha kile cha juu kabisa kikanyamaza. Mwenzangu ofisini alisema betri imekufa, tusubiri. Mimi nilikuwa nimekiona mahali kilipofungwa, kwenye jiwe refu kuliko nyumba yetu. Kama kimenyamaza kwa sababu ya maji, basi maji yamelipita jiwe lile.

Mkuu wetu, Mhandisi Amelia, alikuwa safarini. Nilimpigia. Akaniuliza, "Una uhakika?"

"Saa ya maji kufika sina uhakika nayo. Kwamba yanakuja, nina uhakika."

"Basi usinisubiri mimi. Wewe ndiye uliyeuona ule mwamba."

Baba, usifikiri ilikuwa rahisi. Kabla sijaajiriwa huku, watu wa kijiji kimoja cha ukingoni walishawahi kuonywa, wakakimbilia kilimani, na maji hayakuja. Walirudi wakakuta mbuzi wameibiwa. Tangu hapo, gari la ofisi yetu likiingia kijijini watoto wanalizomea. Nilijua nikikosea, siku mafuriko ya kweli yakija hakuna atakayenyanyua mguu. Hata hivyo niliingia kwenye gari na dereva wetu Tomasi, ambaye ni mzaliwa wa huko na anajua lugha yao.

Tulimkuta Dona Celeste sokoni, katika kijiji hicho hicho. Huyu ni mama wa makamo, muuza samaki, na ndiye mwenyekiti wa kamati yao ya maafa. Aliendelea kupanga samaki wake wakati naongea. Kisha akasema, "Angalia juu. Unaona wingu?"

"Silioni, mama. Mvua imeshanyesha. Imenyesha mbali, sasa inakuja kwa miguu."

"Na mbuzi wetu?"

"Tutapanda nao."

Hapo ndipo aliponitazama usoni. "Waliotuonya zamani walituonya, wakarudi ofisini kwao. Wewe utakuwa wapi?"

"Nitapanda na nyie. Nitashuka mkishuka nyie."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akamwita kijana apige kengele ya shule.

Walianza kupanda, wengine kwa kunung'unika, wengine wakinicheka. Mmoja alikataa kabisa. Mzee Jaime alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya matofali, akasema ameijenga kwa mikono yake na haiachi kwa ajili ya binti wa kigeni. Tomasi alimbembeleza mpaka akachoka. Sikuwa na neno lolote la kitaalamu la kumpa, Baba. Nikachuchumaa mbele yake nikamsimulia habari yenu, Tomasi akitafsiri. Nilimwambia baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, nyumba inawaka nyuma yao. Nikamwambia mama huyo alipofika Katumba, kwenye pori tupu, watu walipomuuliza ameokoa nini, alijibu, "Kilichobaki nyuma ni mali. Nilichobeba mgongoni ni mtu."

Mzee Jaime akamsikiliza Tomasi mpaka mwisho. Akauliza, "Na huyo mama, yuko hai?"

"Yupo. Anapalilia karanga zake, na ana wajukuu na vitukuu."

Akainuka. Akachukua kiti chake na kuku mmoja, akafunga mlango kwa komeo, tukapanda naye.

Kesho yake jua lilitoka kama kawaida, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ngumu. Watu walisimama ukingoni mwa kilima wakitazama kijiji chao kikavu. Wanaume kadhaa walianza kufunga mizigo washuke. Dona Celeste alikuja kuketi karibu yangu akaanza kunimenyea muhogo. Nilikuwa nautafuna bila kuhisi ladha wakati mtoto mmoja aliponyoosha kidole akasema, "Madzi." Hivyo ndivyo wanavyoyaita maji, neno lililo karibu kabisa na la kwetu.

Hayakuja kwa kishindo kama yale ya porini. Yalikuja yakijaza, kimya, kama mtu anayemimina kwenye beseni. Yakaingia sokoni, yakapanda madirishani, na jioni yalikuwa yameacha mapaa tu. Nyumba ya Mzee Jaime ilisimama kwa muda, halafu ukuta mmoja ukalala, na mwingine ukafuata. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akavua kofia.

Mashamba ya mpunga yamekwenda, Baba. Nyumba nyingi zimekwenda. Wanawake walilia na mimi nililia nao, kwa sababu najua njaa inayokuja baada ya maji. Sitaki udhani nimeshinda mto. Mto haushindwi. Ila kuna kazi moja mtu anaweza kuifanya, nayo ni kufika kwa watu kabla haujafika, na hiyo kazi ndiyo nimeisomea. Mshahara wake ndio huo nitakaokueleza sasa.

Kabla hatujashuka, Dona Celeste alikusanya watu wote pale kilimani. Alitaka kujua nani yupo na nani hayupo. Akaanza kuita majina, nyumba kwa nyumba, kwa sauti yake ile ya sokoni. Nilisimama nyuma yao. Kila jina alilolitaja, mtu aliitika. Wazee waliitika, wajawazito, hata vichanga waliitikiwa na mama zao. Mzee Jaime aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote, watu wakacheka. Alipomaliza nyumba ya mwisho nilidhani amemaliza. Lakini alinyanyua kichwa akanitafuta kwa macho, akaita, "Esperansa, wa nyumba ya Abonimana." Hawawezi kutamka hilo H la kwanza, Baba, lakini nilielewa ni jina lako.

Nikaitika.

Msalimie Mama, mwambie kitenge alichonipa ndicho nilichojifunika kilimani. Yusto aache uvivu wa hesabu. Salamu kwa shangazi wa Magamba na watoto wake, na kwa katekista aliyenifundisha kusoma. Nyogokuru mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Mungu awalinde hapo nyumbani, nami anilinde huku nilikowekwa.

Ni mimi mtoto wako,
Speransia Habonimana