Kwa Somo Niliyepanda Naye Usambara

Somo yangu mpenzi,

Juzi nimerudi kutoka kule juu. Nilikwenda peke yangu, na mpaka leo magoti yananiuma, hata kuchuchumaa ni taabu. Leo sikufungua duka. Nimejifungia chumbani hapa Makorora nakuandikia wewe, nikijua hutaisoma. Watakaoisoma ni wengine, na wao pia nataka wajue.

Unakumbuka siku tuliyoonana mara ya kwanza? Uliingia pale hospitali ya wilaya na barua yako ya kazi mkononi, na kikapu cha ukili kilichojaa ng'onda wa papa hata korido nzima ikanuka. Karani akaita, "Mwanaidi." Tukaitika sote wawili. Ukanitazama, ukacheka, ukasema, "Kumbe wewe ndiye somo yangu." Tangu siku hiyo hatukuitana tena kwa jina. Wewe mtoto wa Mkwaja, mimi wa Makorora, watu wa pwani tuliopangiwa kazi chini ya milima, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ndugu.

Mimi nilikuwa nesi mwenye cheo, wewe msaidizi wangu. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililotuharibia.

Ilikuwa ile miaka ya dhiki. Tulifua sare zetu kwa majani ya mpapai, tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mpaka tukasahau rangi ya sembe. Viatu vyetu vilikuwa katambuga za tairi la lori, na wewe ulizisifu zako kuwa zitakuzika. Land Rover ya hospitali ilikuwa juu ya mawe, haina tairi hata moja. Ndipo daktari alipotuita ofisini akasema chanjo za vijiji vya mlimani hazina tena gari, zitakwenda kwa miguu, na watakaokwenda ni sisi. Siku tano, vijiji vinne, kupanda na kushuka. Boksi la chanjo lingebebwa na Mzee Shemhina, mhudumu wa wodi, Mshambaa wa kulekule aliyezijua njia zote.

Tulicheka sana siku ile ya kwanza, somo. Tulikuwa hatujapanda kitu kirefu kuliko ngazi. Njia ilianza kwenye mashamba ya mkonge, ikaingia kwenye mawe, halafu ikasimama wima kama ukuta. Mzee Shemhina alitangulia na boksi kichwani, hata hahemi, na sisi nyuma tunashika mizizi kwa mikono miwili. Wanawake wa Kishambaa walitupita na mikungu ya ndizi vichwani, wakatuamkia, "Onga makeo," nawe ukawaitikia kwa sauti ya Kimkwaja iliyofanya mmoja wao ashushe mkungu wake ili acheke vizuri.

Jioni, katika kijiji cha kwanza, nyayo zangu zilikuwa zimetoka malengelenge. Ulichemsha maji, ukatia chumvi kidogo uliyoomba kwa mwenyeji, ukaiweka miguu yangu ndani ya sufuria na kuikanda kidole kimoja kimoja. Nilikuambia uache, mimi ndiye mkubwa wako kazini. Ukasema, "Kazi imekwisha saa tisa. Sasa hivi wewe ni mgonjwa wangu." Tulikunywa chai iliyotiwa maji ya miwa badala ya sukari, tukajifunika blanketi moja kwa ile baridi.

Vijiji vitatu vya mwanzo vilikwenda vizuri. Tuliwachanja watoto, ukawaandikia kadi zao kwa mwandiko wako mzuri, ukawatania mama zao. Siku ya tatu mchana mvua ikatukuta msituni. Tulipofika kwenye mto, daraja la magogo lilikuwa limeshachukuliwa. Mzee Shemhina akayatazama maji, akasema, "Haya hayavukiki leo. Labda kesho jioni." Tukakaa chini ya jiwe kubwa lililoinama, boksi katikati yetu, mchana ule na siku nzima iliyofuata.

Hapo chini ya jiwe ndipo uliponieleza habari za mtoto wako wa kwanza, Hamisi. Nilikuwa sijui kwamba uliwahi kuwa na mtoto kabla ya yule binti uliyemwacha kwa mama yako Mkwaja. Ulisema alipata surua akiwa na mwaka mmoja na nusu, na zahanati ya karibu ilikuwa safari ya siku nzima, na ulipofika naye ulikuwa umembeba maiti bila kujua. Ulisema, "Mimi sikutafuta kazi hii kwa ajili ya mshahara, somo." Nilikushika mkono. Nilikuwa nimesikia kila neno. Ningependa kusema sikuelewa, lakini nilielewa vizuri.

Tulivuka kwa kamba siku ya tano asubuhi, siku ambayo tulitakiwa tuwe tumesharudi. Adhuhuri tukaingia kijiji cha mwisho, ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wapo. Akina mama walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji tangu siku mbili zilizopita. Wengine walikuwa wametoka mabonde ya mbali, wamelala kwa watu. Walipotuona walipiga vigelegele.

Ulifungua boksi nyuma ya ofisi ukatia mkono ndani.

"Somo, barafu imekwisha," ulisema. "Maji haya ni ya uvuguvugu. Dawa imekufa."

"Haijafa. Joto la huku juu ni dogo."

"Tazama kipimajoto mwenyewe."

Nilikitazama. Ulikuwa umesema kweli.

"Hawa watu wamengoja siku mbili," nikakuambia. "Tutawaambia nini?"

"Tutawaambia kweli. Tutawaambia mto ulituzuia, dawa imeharibika, tutarudi."

"Turudi lini? Na gari gani?"

"Turudi kwa hii hii miguu."

Somo, kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifanya vile kwa huruma, kwamba nilishindwa kuwavunja moyo akina mama wale. Kulikuwa na hilo, lakini lilikuwa dogo. Mwezi ule jina langu lilikuwa limepelekwa Dar es Salaam kwa ajili ya masomo ya juu. Daktari alikuwa ameniambia kwamba wanachotazama ni taarifa za kazi. Nilitaka kushuka na taarifa ya vijiji vinne, si vitatu. Hiyo ndiyo sababu, na sijawahi kumwambia mtu.

Nikakuamuru uchemshe sindano. Ulizichemsha. Nikakuamuru ukae mezani uandike kadi. Ulikaa, ukaishika kalamu, mtoto wa kwanza akalia, kisha ukaiweka kalamu chini na kusema polepole ili wasisikie, "Hii siandiki." Ukatoka, ukaenda kukaa kwenye gogo, nusura niandike la mnazi kwa mazoea ya pwani, lakini kule minazi haipo, lilikuwa la mkaratusi, ukatugeuzia mgongo. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto wa kike aliyevaa shanga kiunoni, akaniuliza, "Mwenzio ana nini?"

"Anaumwa," nikamjibu, na nikamchoma mtoto wake.

Niliwachoma wote. Nikaziandika kadi zote mwenyewe.

Kushuka ulitangulia na Mzee Shemhina, mimi nyuma. Hukunisubiri hata kwenye utelezi. Tulipoanza kuuona mkonge chini, ulisimama ukanigeukia.

"Somo, nitasema. Nakuambia mapema ili usije ukasema nimekuzunguka."

"Utaniharibia maisha."

"Twende tukaseme sote. Tukisema sote watatupa chanjo nyingine turudi wiki ijayo. Hakuna mtu atakayekufa kwa wiki moja."

Ulininyooshea mkono, somo. Nikaupita.

Nilipofika hospitali nilikwenda kwa daktari kabla yako, na nguo za matope. Nikamwambia barafu ilifika ingali nzima. Nikamwambia msaidizi wangu alichoka njiani, akakataa kazi mbele ya wananchi, na huenda akaleta maneno ya kujitetea. Ulipoingia, yeye alikuwa ameshakuamulia. Mzee Shemhina hakuulizwa, maana nani alimwuliza mhudumu katika siku zile. Baada ya wiki mbili ukapewa barua ya uhamisho wa kwenda kusini kabisa mwa nchi, na kila mtu alijua mama yako ni mgonjwa na hana mwingine. Ukaacha kazi. Siku uliyoondoka nilijifanya nina zamu. Nilikuona kutoka dirishani ukienda stendi na kile kikapu chako cha ukili, na katambuga zako.

Nilikwenda masomoni. Kiangazi kilichofuata, nikiwa Dar es Salaam, nilipata barua ya mfanyakazi mwenzetu, habari za kawaida za nani kaolewa na nani kahamishwa, na katikati yake mstari mmoja: surua imepita kijiji kile cha mwisho, na watoto wamezikwa. Nilikunja barua ile nikaenda darasani. Siku hiyo tulifundishwa habari za chanjo.

Miaka imepita, mambo yamefunguliwa. Maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba imejaa mpaka barabarani, na katambuga sasa huvaliwa na Wamasai tu. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi nami nikapunguzwa, nikafungua duka la dawa hapa Makorora. Watu huniita Daktari. Kila wanaponiita hivyo hugeuka kutazama rafu, kama ninayetafuta kitu.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilijikaza. Nikaenda Pangani, nikavuka kwa pantoni, nikapata gari la kubeba nazi mpaka Mkwaja. Niliuliza nyumba ya Mwanaidi nesi, maana walikuita hivyo hadi mwisho. Akatoka mwanamke mrefu mwenye meno yako. Nikamwambia mimi ni somo ya mama yake. Akaniamkia shikamoo, akanikalisha kwenye mkeka, na ndipo akaniambia kwamba umefariki, mwaka wa pili sasa, kwa ugonjwa wa moyo.

Nililia mbele ya mtoto wako, naye akawa ndiye wa kunibembeleza. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Akasema mwaka ule ulipoacha kazi, hukuja Mkwaja moja kwa moja. Mama yako alikungoja mpaka akadhani umepotea. Ulikuwa umepanda tena milimani, wewe na Mzee Shemhina, kwa miguu, bila sare na bila boksi.

"Alikwenda kufanya nini?" nikamwuliza, na huku najua.

"Hakusema. Alisema tu kulikuwa na watu anataka kuwaaga."

Kwa hiyo juma lililopita nami nikapanda. Siku hizi kuna barabara ya gari mpaka nusu, iliyobaki ni ileile. Nilipumzika pale kwenye lile jiwe, maji yalikuwa machache hata kuku angevuka. Katika kijiji cha mwisho nilimkuta mwanamke analima maharage kando ya njia. Alinyooka, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akasema, "Wewe ni nesi." Alikuwa yule aliyeniuliza mwenzangu ana nini. Anaitwa Mama Zuhura. Zuhura ni yule mtoto wa shanga. Hakuniambia nini kilimpata, alinionyesha kwa jembe tu, upande wa migomba, mahali palipo na mawe yaliyopangwa.

Alinieleza kwamba ulikuja, mkapita nyumba kwa nyumba. Ulisimama mlangoni pake ukasema, "Tuliwachoma dawa iliyoharibika. Tulijua. Wateremsheni watoto hospitali wachanjwe upya, tusameheni." Baadhi waliwafunga watoto migongoni wakashuka, na watoto wale sasa ni watu wazima wana mashamba yao. Wengine walikukasirikia, wakakufukuza. Mama Zuhura alikuwa na mimba ya miezi minane, mumewe hayupo. Alisema angeshuka akishajifungua.

Somo, ulisema "tuli." Nilimwuliza mara mbili, akarudia vilevile. Hukusema "alifanya." Ulikuwa umeweka kalamu chini, ulikuwa umetoka nje, ulikuwa umepoteza kazi kwa ajili hiyo, na ulipofika kwa wale wanawake ukajihesabu pamoja nami.

Nikamwambia Mama Zuhura, "Mwenzangu hakuwachoma. Alikataa. Siku ile hakuwa anaumwa, nilikudanganya. Nilichoma mimi."

"Najua," akasema. "Mwanangu nilimshika mwenyewe, nikatazama mkono uliomchoma."

Akauliza uko wapi. Nikamwambia. Aliweka jembe chini, akakuombea kwa Kishambaa, dua ndefu ambayo sikuielewa yote, nikaitikia amina. Nilikuwa bado nimesimama tuta la pili, sikuthubutu kumsogelea. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

Akaokota jembe lake. "La kwangu nimeshalimaliza na Mungu, siku nyingi," akasema. "La mwenzio sijui utalimaliza na nani."

Akaendelea kulima. Nikashuka.

Basi nimeandika, somo. Nakala moja nitampelekea binti yako, nyingine ofisi ya wilaya wanakotunza taarifa za zamani, ingawa hakuna atakayeitafuta. Lala salama huko Mkwaja. Sikuombi unisamehe, maana kwa mdomo wako mwenyewe uliniombea radhi nisiyostahili, mlango kwa mlango, nami nikiwa Dar es Salaam nashona sare mpya.

Ni mimi niliyekuangusha,
Somo yako