Waliotumwa na Mama wa Awasi

Jumanne

Nilikuwa nimeshaamua kumfuta Mama Awuor kwenye tovuti yangu. Tovuti hiyo, ninakouzia vifaranga vya samaki, imeshuka hadi ukurasa wa tatu wa utafutaji, na nani hufungua ukurasa wa tatu? Nimeijenga mwenyewe hapa Nyamasaria, halafu inazikwa na watu ambao hawajawahi kuchimba bwawa.

Jamaa wa Nairobi mwenye tovuti kubwa ya ukulima alikubali tubadilishane linki, kwa sharti. "Toa hizo tovuti ndogo ulizoziwekea linki, bro. Zinakushusha."

Ndogo kuliko zote ni ya Mama Awuor wa Awasi, anayeandika kuhusu mabwawa yake na ambaye naye ameweka linki yangu kwake. Wasomaji ishirini kwa siku, wakizidi.

Kabla ya kumfuta nikaangalia takwimu. Mwezi huu linki zangu kwenye tovuti nyingine kubwa zimeniletea watu mia tatu. Waliopiga simu kuagiza vifaranga: sifuri. Kwa Mama wametoka kumi na tisa, na kumi na saba wamepiga. Nilihesabu mara mbili.

Wote husema, "Nimetumwa na Mama Awuor." Nami nilidhani ni ukoo wake tu!

Nikampigia. "Mama, unawaambia nini?"

Akacheka. "Si vile tunaambiana sokoni, baba? Mtu akikosa kitu kwangu, namwambia aende kwa fulani, aseme ni mimi nimemtuma."

Neno la sokoni Awasi limewafikisha watu kwangu hadi kutoka Busia.

Wa Nairobi nimemkatalia. Ukurasa wa tatu bado unanitisha. Lakini linki ya Mama nimeipandisha juu kabisa, na chini yake nimeandika: mwambie ni mimi nimekutuma.