Katiba ya Ulaya na zamu yetu ya maji

Birkat al Mauz, Jumamosi. Joto limewahi mwaka huu, na upepo hakuna.

Kosa la watu wengi ni kudhani mamlaka ya nchi ni kama ufunguo: ama uko mfukoni mwako, ama umempa mtu mwingine. Ndivyo walivyozungumza jana baada ya sala ya Ijumaa, kwenye kahawa nyumbani kwa shemeji yangu Seif. Mada ilikuwa ile katiba ya Ulaya, waliyoikataa Wafaransa na Waholanzi kwa kura. Seif, ambaye hajasoma hata kifungu kimoja, alipiga paja: "Nchi ikiandikiwa sheria na majirani, si nchi tena. Khalas!"

Wote wakaitikia. Hakuna kinachonichosha kama mjinga mwenye sauti.

Nikawasomesha. Nchi inayokaa na wenzake wakapatana haijauza mamlaka yake, imeyatumia. Walioikataa nao wameyatumia, lakini angalau walipewa waisome kwanza. Nilieleza mpaka kahawa ikapoa.

Wageni walipoondoka, dada yangu Salma, mkewe Seif, aliingia kuchukua vikombe.

"Kaka, na ile karatasi yetu umeisoma?"



Shamba alilotuachia baba lina zamu moja tu ya maji ya falaj, mfereji wa kijiji. Tuko ndugu watatu, kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja hufungulia maji apendavyo. Kipande cha Salma kiko mwisho kabisa. Aliandika mapatano: tugawane zamu kwa dakika, na mtu mmoja asimamie. Ndugu yetu mdogo alitia saini. Mimi nilisema sipangiwi na mtu katika shamba la baba yangu, nikaitia karatasi ndani ya mtoto wa meza bila kuifungua.

"Migomba yangu safu mbili imekauka," akasema Salma. "Seif anapayuka tu, maskini. Hana shamba la kuniharibia."

Seif alicheka mpaka akakohoa.

Leo alfajiri nimekwenda kuiona migomba hiyo. Nimeshika majani, yamevunjika mkononi.

Kumbe mjinga mwenye sauti ana shahada mbili na kalamu nzuri.

Karatasi sasa iko mbele yangu. Kurasa mbili tu, kwa mwandiko wa Salma. Isome, mzee, uitie saini, umpelekee leo kabla zamu yetu ya alasiri haijafunguliwa.