Gondar Haiguswi

Eldoret, 6 Machi 1988

Kwa ndugu yangu Kimutai,

Salamu nyingi. Hapa sote tu wazima, Mama ameacha kukohoa, mvua bado tunaingoja. Sijui wewe huko Nairobi waendeleaje.

Nimepokea hatua yako na kupanga ramani kama ulivyoagiza. Majeshi ya Misri yameiteka Gondar. Miaka tisa tunapigana vita hivi vya mchezo kwa barua, mimi Uhabeshi na punje zangu za mahindi, wewe Misri na maharagwe yako. Nilipolazwa hospitali ulisema mji huo utaniachia hadi nipone, na hata nilipopona hukuugusa. Hii si hatua yako. Nani anakuchezea?

Dada yako,
Jelagat

Nairobi, 17 Machi 1988

Dada mpendwa,

Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inanisumbua. Mwambie Mama nashukuru Mungu amepata nafuu.

Umenishika. Ofisini kwetu kuna kompyuta, na ndani yake mchezo wa falme za kale kama wetu, ila ramani inawaka kwenye kioo na ukibonyeza, majeshi yanasogea. Baada ya kazi nacheza na Mwihaki, mpiga chapa wetu. Tunaweza kucheza hatua mia kwa jioni moja. Nilimwonyesha ramani yetu, akasema ni upumbavu kuiacha Gondar. Niliona haya kumweleza sababu. Ungempenda, Dada.

Ndugu yako,
Kimutai

Eldoret, 28 Machi 1988

Kimutai,

Sisi wazima.

Sitampenda. Nina wivu, na sioni haya kusema. Ramani hiyo nilikuchorea mimi kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, mwaka ulipoenda bweni, nikakufundisha kuwalisha askari kabla ya kuwatuma. Yeye amekukuta umeshaiva. Ati hatua mia! Mimi barua yako nakaa nayo siku tatu kabla ya kusogeza punje moja. Hii naijibu leo leo.

Mwambie bingwa wako kwamba ili kuiteka Gondar amewatoa askari wote Kairo. Wewe usingefanya hivyo. Jeshi langu la Khartoum limeingia Kairo bila kupigana. Mji mkuu ukitekwa, vita vimekwisha.

Jelagat

Nairobi, 29 Machi 1988

Dada yangu,

Natumaini hamjambo. Nakuandikia kabla hujajibu, maana sijatulia.

Nimemweleza Mwihaki habari ya hospitali. Akasema, "Ungeniambia, nisingeigusa." Tafadhali rudisha maharagwe yangu yalipokuwa Januari. Gondar ni yako. Tucheze miaka tisa mingine, mimi na wewe tu.

Ndugu yako,
Kimutai

Eldoret, 7 Aprili 1988

Ndugu yangu Kimutai,

Mama anakusalimu, na anauliza Mwihaki ni wa kina nani. Mvua imenyesha tangu Jumapili.

Barua zetu zimepishana njiani, labda hapo Burnt Forest. Sheria uliiweka wewe mwenyewe, ukiwa mdogo na mbishi: hatua ikishatiwa posta hairudi. Yako nimeisoma mara nne. Laiti ningekaa siku zangu tatu.

Ramani bado iko mezani. Imejaa mahindi, haragwe halipo hata moja. Miaka tisa yote nilitaka kukushinda.

Nimeshinda, Kimutai. Sasa nitakuandikia nini?

Dada yako,
Jelagat