Sauti Ulizotumiwa Siku za Ijumaa

Chumba cha uani,
Nyumbani kwetu.
Jumapili, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Najua shikamoo ungenipa hata ukiwa umenuna, basi naipokea kabla hujaitoa. Natumaini u mzima, unakula chakula cha moto, na kile kifua chako kimekuachia upumue. Sisi huku... hapa ndipo watu wote huandika "hatujambo" wakaendelea na mengine. Mimi leo neno hilo naliruka. Nina jambo la mama la kukuambia, na tangu nimeketi kalamu inalikwepa, kwa hiyo nivumilie nipige kwanza porojo mbili tatu.

Karatasi usiishangae. Ni ile ya kuchorea vipimo pale karakana, nimeiomba kwa msimamizi. Bado nashona kola. Mwaka wa tisa huu, mashati ya shule, kola tu. Mwenzangu wa kulia anashona mikono, wa kushoto anatia vifungo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushona shati zima. Huyo wa vifungo ndiye atakayenitoa roho. Kila asubuhi hufungua kinywa na "mimi si mmbea, lakini," na hapo ujue kuna mtu atachambuliwa mpaka saa ya chakula. Siku hizi akifika kwenye "mimi si", mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie kilichobaki.

Habari za nchi unazisoma huko kuliko sisi. Ni kweli, maji ni ya mgao. Bomba letu linatoa Jumatatu na Alhamisi, tena alfajiri, na tone la mvua hatujaliona mwezi wa tano sasa. Juzi redioni walimleta mkubwa mmoja akatushauri tuoge kwa kikombe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuoga vizuri kabisa. Jirani yetu naye kanunua tangi la tatu, na likijaa anaita watu waje walione, ila ukimwomba ndoo moja anakwambia tangi bado jipya.

Kaka yetu hajabadilika. Tangu siku ile alipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule, hawezi kukaa kwenye kiti bila kufungua kikao. Hata kuku wa Jumapili akigawanywa, Mwenyekiti anataka mwenye hoja anyooshe mkono. Nakuambia haya kwa sababu mkono wangu niliunyoosha, na haukunisaidia kitu.

Haya, porojo zimekwisha. Mdogo wangu, mama hasemi. Ana miezi minne hasemi. Alipata kiharusi, upande wake wote wa kulia umekufa, mkono na mguu, na mdomo umekwenda kando. Hivi ninavyoandika yuko nyuma yangu, kwenye kitanda changu, macho wazi.

Ngoja, usiitupe barua. Najua unachouliza. Unauliza, na zile sauti je? Zile zinazokufikia kila Ijumaa, mama akikuuliza kama umekula, akikuombea dua, akicheka kile kicheko chake cha kukohoa? Ni za zamani zote. Hakuna hata moja aliyokutumia wewe.

Mama hakuwahi kuandika ujumbe maisha yake, unamjua. Alikuwa anabonyeza simu na kusema. Mwaka juzi, karakana iliponipeleka tawi la mbali kwa miezi minane, kila siku alinitumia sauti mbili tatu. "Mwanangu umekula? Usilale na njaa, kazi haina shukrani." "Mwanangu leo nimekuota, jifunike." Nilizihifadhi zote. Kwa hiyo ulipoambiwa usilale na njaa, aliyekuwa anaambiwa ni mimi. Nilikuwa nakukasirikia kwa hilo, tena sana, kana kwamba umeniibia, na hali aliyekukabidhi ni mimi mwenyewe.

Ndiyo, ni mimi. Mwenyekiti hakuanza. Siku ya tatu ya mama hospitali uliandika kwenye simu yake, "Mama mbona kimya, nimekukosea?" Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini na viatu vyake mapajani. Nikatafuta sauti moja fupi kwenye simu yangu, nikaipitisha kwenye ya kwake, nikakutumia. Nilisema moyoni ni ya leo tu. Ukajibu, "Afadhali mama, nilikuwa na wasiwasi." Nikashusha pumzi, nikaona nimefanya jambo la maana.

Kaka alipojua, alinisifu mbele ya watu. "Akili hiyo!" Akafungua kikao papo hapo, ikapitishwa kwamba usiambiwe kitu mpaka umalize mtihani wako wa mwisho, na kwamba kila Ijumaa utatumiwa sauti moja. Wifi ndiye akapewa kazi ya kuchagua na kukata zile sehemu mama anapoita jina langu. Anajua kukata, nimpe haki yake. Na ulipotaka kumpigia, ukaambiwa simu ya mama imeharibika, ukiipigia haipokei, inapitisha ujumbe wa sauti tu.

Hapo nina neno nawe. Simu gani hiyo, Kitinda, inayopitisha ujumbe wa sauti lakini haipigiki? Mtoto wa darasa la pili angecheka. Wewe uliyefika huko kwa akili yako uliisikia, ukasema "sawa, mkainunulie nyingine". Mwezi uliopita wifi alikosea, akakutumia sauti ambayo mvua inasikika ikipiga bati. Ukauliza, "Kumbe mvua imenyesha? Mbona taarifa zinasema ukame?" Kaka akakujibu, mvua ya kupita tu. Ukaweka kidole gumba. Nilikaa na simu siku nzima nikikuombea uulize swali la pili. Hukuuliza. Nadhani na wewe ulitaka iwe kweli, lakini kuelewa huko hakujanipunguzia hasira.

Hili nalo lijue, maana linanila. Siku kiharusi kilipoanza ilikuwa mchana, mama anachambua mchele, sinia likamponyoka. Akataka kusema kitu, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye maji mdomoni. Tukasema ni uchovu wa foleni ya maji. Wifi akampa chai, ikamtoka upande mmoja wa mdomo, tukampangusa, tukamlaza apumzike. Hospitali tulimpeleka kesho yake. Daktari alituuliza tulikuwa tunangoja nini. Wewe unasomea uuguzi. Mtu angekwambia kwa simu kwamba chai inamtoka mama mdomoni, ungetupigia kelele tukimbie. Niliishika simu nikupigie, Mwenyekiti akasema, "Aliye mbali hasumbuliwi." Nikaiweka chini.

Unajua mwenyewe hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii. Aliye mbali haambiwi. Homa haambiwi, mwizi haambiwi, ndoa ikivunjika anaambiwa imekwisha kuunganishwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Na wa kwanza kuumizwa nayo ni huyo huyo kaka. Baba alipofariki, yeye alikuwa kwenye kazi ya barabara kule ugenini, akaambiwa siku ya nane, kaburi limeshakauka. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alirudi akasimama sebuleni, akatutazama mmoja mmoja, na mwaka mzima hakumwamkia mama. Nilimkumbusha hayo. Akanijibu, "Yalinipata na sikufa." Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Nilitamani kumpiga kibao, kaka yangu mkubwa, Mungu anisamehe.

Wageni nao wananimaliza. Mtu anaingia, hajavua hata viatu, anamwinamia mama usoni na kupiga ukelele, "Unanijua mimi nani?" Mama si kiziwi! Na akili yake iko pale pale. Mjomba kila akija anamfanyia mtihani huo, halafu ananigeukia, "Hanijui." Anakujua sana, mjomba, amekuchoka. Wifi yeye huja na manukato yake, anakaa dakika kumi, anapiga picha ya mkono wa mama ukiwa ndani ya mkono wake, anaondoka. Shuka nageuza mimi. Maji ya mgao yakija, nusu ni ya kufulia mashuka hayo, na kola zangu zimeanza kurudishwa na msimamizi kwa kupinda.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Wewe kila Jumamosi huijibu ile sauti ya Ijumaa, na mimi humwekea mama sikioni akusikie, maana ndiyo furaha aliyobaki nayo. Ukiongea, mkono wa kushoto hutafuta simu. Jumamosi iliyopita, si hii ya jana, ulisema, "Asante mama kwa maneno yako ya jana, yamenipa nguvu." Mama akaacha kutafuta simu. Akageuza shingo, polepole, akaniangalia. Anajua hakusema neno lolote jana. Anajua miezi minne hajasema. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anakusikia ukimshukuru kwa asichokufanyia, na hana mdomo wa kuniuliza nimekufanya nini. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitoka nikakaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka miguu ikafa ganzi.

Na Alhamisi kikaja kingine. Sasa kumeza kunampa taabu, uji kijiko kimoja unachukua muda wa kushona kola mbili. Tukamrudisha hospitali, daktari akatutoa nje akasema wazi, kama kuna aliye mbali, mwiteni. Si mwezi ujao. Mwenyekiti akafungua kikao pale pale kwenye ngazi za hospitali. Yeye, wifi na mjomba wakanyoosha mikono: mtihani ni wiki tatu tu, mama ni mgumu, atasubiri. Mimi nikanyoosha wangu peke yangu. Kaka akasema hoja imeshindwa, tukapanda gari kurudi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara mbili tangu Alhamisi. Mara zote mbili nimesikia sauti yako, nikakuuliza habari za baridi, nikakata. Miezi minne ya kusema "mama yupo, anakusalimu" imenizoesha ulimi vibaya. Kwenye karatasi angalau siwezi kukusikia ukilia nikaanza kukubembeleza kwa uongo mwingine. Barua hii naifunga mchana huu. Binti wa fundi viatu wa pale kona anasafiri kesho kuja mji wenu, ameahidi kukukabidhi mkononi Jumatano. Ukimwona mlangoni, usimuulize lolote, hajui amebeba nini.

Mtihani wako najua una maana gani. Najua umeusubiri miaka minne, na ukiukosa utangoja mwaka mwingine, na kaka atasema ni mimi niliyekuharibia. Atakuwa sahihi. Nimelipima hilo nikiwa nageuza shuka, nikalipima tena kwenye cherehani, na kila mara nafika pale pale: wengine hawana haki ya kukuamulia. Wala mimi sina. Ukiamua kubaki ufanye mtihani, baki, sitakulaumu, ila ubaki ukiwa unajua. Lakini kama ni mimi unaniuliza, njoo. Panda basi la Alhamisi. Na kama umenichukia, una haki, nichukie, lakini njoo unichukie ukiwa ndani ya chumba hiki.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Kaka, wifi na mjomba wangekusalimu kama wangejua kwamba naandika. Watajua ukiwa tayari njiani, na hicho kikao nitakikalia peke yangu. Mwenyezi Mungu akulinde, akufungulie njia, akufikishe mapema.

Salamu za mama leo sikuandikii. Za miezi minne nimekuletea mimi, na hazikuwa zako. Zako anazo yeye, na siku zinakwisha.

Ni mimi nikupendaye, na ndiye wa kwanza utakayemkasirikia,
Dada yako.