Mbalamwezi ya Ilagala

Mdogo wangu Leodgar,

Simu yako haipatikani tangu uende machimboni, ndiyo maana nimempa Elikana barua hii akuletee. Mihogo imekomaa. Mbuzi wako mweusi amezaa, ana maziwa mengi.

Mwaka huu bajeti ya zahanati ilipunguzwa, boti ya kupeleka wagonjwa Kigoma ikakosa petroli. Waliopunguza hatuwajui hata sura. Wavuvi wa dagaa wakawa wanachangia, kila mmoja kikombe kutoka kwenye tangi lake, tukajiona tumeshamaliza. Tulisahau mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi hawaingii ziwani, na matangi yanabaki makavu.

Wifi Frida alijifungua mwezi ukiwa mpevu. Damu haikukata, nesi akasema apelekwe Kigoma. Nilizunguka nyumba zote na kidumu, nikarudi nacho kitupu.

Kile kitenge ulichomtumia alikuwa amekitunza, akivae siku ukirudi. Ndicho tulichomzika nacho. Nisamehe, sikuwa na kingine kizuri.

Mtoto ni wa kike. Anakunywa maziwa ya mbuzi wako. Hana jina bado, anakungoja wewe.

Dada yako,
Marcelina