Chungu Kilichokunywa Sabuni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi maneno yakiwa makali, maana hasira yangu haijapoa tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, ambayo ndiyo slava yetu, siku ya mtakatifu wa ukoo wa marehemu mume wangu, na mwaka huu mwanangu Rastko ndiye aliyewasha mshumaa wa sikukuu, kama mkuu wa nyumba, kwa mara ya kwanza, na mkewe Tijana akaniomba kwa kinywa chake, "Mama, safari hii niachie mimi kabichi," nami nikakubali, nikampa chungu changu cha Zlakusa, kijiji cha wafinyanzi, kile kikubwa nilichokuja nacho nikiwa bibi harusi, kilichopikia harusi na misiba ya nyumba hii bila kupata hata ufa.

Mimi nimefundisha kemia hadi nilipostaafu, kwa hiyo niruhusu nieleze. Chungu kile hakikupakwa ule mng'ao wa kioo, si ndani wala nje. Ni udongo mtupu uliochanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa kwenye moto wa wazi, ndiyo maana kinauvumilia moto, lakini udongo huo una vitundu visivyoonekana kwa macho, nao unakunywa, ukiupa mafuta unakunywa mafuta na kabichi inazidi utamu mwaka hadi mwaka, ukiupa sabuni unakunywa sabuni, unaitunza, na siku ya kupika unairudisha yote kwenye chakula. Huoshwa kwa maji ya moto na brashi, basi. Hata mtoto anajua.

Yeye akakiosha kwa sabuni ya maji ya chupa, ile yenye harufu ya limau, akakijaza povu hadi ukingoni na kukiacha hivyo, niliona kwa macho yangu nikipita mlangoni, halafu kesho yake akapanga kabichi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, akaipika polepole tangu alfajiri kama inavyotakiwa, hapo simsingizii, na wageni wakakaa, kasisi ameshabariki mkate, tukapakua.

Radojko, baba wa ubatizo wa Rastko, alitafuna mara moja, akaacha. "Dada Desanka," akasema, "hii kabichi mmeipika au mmeifua?" Meza nzima ikaangua kicheko. Mkewe akadakia, "Kula tu, Radojko, angalau mwaka huu utatakata na ndani!" Tijana akaiva uso kama pilipili. "Lakini mama, nilikiosha vizuri, mara mbili!" Nami nikamjibu mbele ya watu wote, "Kwani kwenu mjini mnaogea kwenye vyungu?"

Akavua aproni, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Rastko akamfuata, na mlangoni akanigeukia. "Mama, mwakani mshumaa nitauwasha kwangu. Wewe utakuja kama mgeni, ukialikwa." Sasa wako kwa wazazi wa Tijana, mjini Kragujevac, na Rastko hapokei simu zangu, na mimi nina huyu mwana mmoja tu. Niambie, nikivunje chungu? Nimnunulie huyo binti sufuria ya bati yenye rangi asiguse tena udongo? Na tafadhali chapisha wazi kosa ni la nani, ili mwanangu alisome gazetini.

Desanka, Užice

*

Dada Desanka,

Umetaka nichapishe kosa ni la nani. Nachapisha.

Lakini kwanza chungu, maana hakina hatia. Usikivunje. Kijaze maji vuguvugu na vijiko viwili vya magadi soda, kiingize kwenye oveni ikiwa bado baridi, pandisha moto kidogo kidogo mpaka maji yachemke, kisha zima na kiache kipoe chenyewe. Mwaga, rudia, hata mara nne, mpaka maji yatoke bila harufu. Halafu chemshia maziwa humo, uyamwage. Kikiwa cha moto kisiguswe na maji baridi, na usikifunike kabla hakijakauka kabisa, kitavunda. Najua unayajua haya. Nawaandikia wasomaji, ambao hawakuzaliwa wakiyajua.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanzia. Mimi sikukuuliza kwa nini udongo unakunywa sabuni, ukanieleza kwa kirefu na kwa ufasaha. Tijana uliyemkabidhi chungu hukumwambia hata neno. Hata mtoto anajua, unasema. Mtoto gani? Huyu kakulia kwenye ghorofa, kati ya sufuria za chuma kisichoshika kutu, na huko sabuni ndiyo heshima ya chombo. Alikiosha mara mbili kwa sababu aliiheshimu siku yenu. Kumpa mtu chombo cha udongo bila maelezo ni kumtegea.

Tena kuna maneno uliyoyapitisha mbio katikati ya sentensi ndefu, ukidhani sitayaona: "niliona kwa macho yangu nikipita mlangoni." Ulimwona! Povu liko ukingoni, sikukuu ni kesho, chungu bado kinaokoleka. Ilitosha kusema, "Mwanangu, mwaga hiyo." Mwanafunzi wako angemimina asidi mahali pabaya, ungepita mlangoni ukaenda zako? Hukusahau, Desanka. Ulitaka aumbuke mbele ya Radojko. Kilichokuharibikia ni kwamba meza ni yako, kwa hiyo aibu ilipofika ilikaa kwako, ukaitupa kwake kwa ile kauli ya kuogea vyunguni.

Nimekasirika, ndiyo. Wengi wa rika letu tulilizwa na mama wakwe wa namna hiyo hiyo, tukaapa hatutakuwa wao.

Sasa sikiliza. Sufuria ya bati usinunue. Kwa supu inafaa sana, lakini ukimpa Tijana leo itakuwa tusi lenye mishikio miwili. Panda basi uende Kragujevac. Umtafute Tijana, wala si Rastko, na kabla hujakaa umwambie: "Nilikuona ukikiosha, nikanyamaza makusudi. Nisamehe." Usiweke "lakini" nyuma yake, na vitundu vya udongo usivitaje. Akifunga mlango, rudi kwako bila kuacha zawadi kizingitini kama mtu aliyemaliza kulipa.

Akikukaribisha, mwombe siku moja mwende pamoja kwa wafinyanzi, achague chungu chake. Mwonyeshe kukigonga kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti ya kukwaruza kina ufa. Akiweke chini aone kama kinatikisika. Kisha nyamaza, mwache agonge hata vyungu kumi na achague kile ambacho wewe usingekichagua.

Habari ya mshumaa wa mwakani usiigusie hata kidogo. Wataamua wao, na Tijana atakuwa anakutazama.

Vidosava